Sufu Iliyosuuzwa Kisimani

Ukitaka kumpata mtia rangi mpya, usiende penye watu wengi. Nenda chooni.

Nasema kweli. Katika maonyesho yetu madogo ya sufu, haya yanayofanyika kwenye kumbi za wakulima tangu theluji inapoisha hadi majani yanapopukutika, meza nzuri zina wenyewe. Za dirishani ni za wale mabibi ambao wamekuwa wakiuza uzi wa buluu ileile tangu nywele zao zikiwa nyeusi. Za katikati ni za wafuga kondoo. Aliyeanza mwaka huu, ambaye hata mume wake bado hajaamini kwamba hii ni kazi, hupewa meza iliyobaki, na inayobaki siku zote ni ile ya kando ya mlango wa choo. Ndiyo maana mimi na Bev Ouellette tukifika mahali hatusalimii mtu. Tunakata mbuga moja kwa moja hadi chooni, na watu wanatuonea huruma kwa uzee.

Bev ni rafiki yangu, na pia ni mshindani wangu. Atakayemwona mtia rangi mpya kwanza, na akawa mzuri kweli, analishwa na mwenzake maharage ya kuokwa mchana. Bev amekula sana kwangu. Ana macho ya mwewe na aibu hana hata chembe. Anaweza kumpokonya mtu fungu la uzi mkononi huku akimuuliza habari za wajukuu.

Lakini mimi nilikuwa na sababu yangu nyingine. Kila baada ya maonyesho nilikuwa nampelekea Mama fungu moja la uzi kule kwenye nyumba ya wazee.

Mama yangu, Hester Grindle, alifuma glavu za wakata miti wa wilaya yetu nzima. Sasa hafumi. Akili imemtoka kidogokidogo, na mimi nimetoka nayo. Kila nilipoingia chumbani kwake alinidhania dada wa chai, yule anayepita na kigari cha vikombe. Nilimpelekea uzi mwekundu, uzi wa rangi ya moshi, uzi uliotiwa rangi na mwanamke aliyechemsha uyoga. Nilimwekea mapajani nikimwomba Mungu mikono yake ikumbuke kile ambacho kichwa kimesahau. Aliupapasa, akanitazama, akasema, "Mzuri sana. Asante, dada."

Asante! Mama yangu hakuwa mpole hata siku moja. Siku ya harusi yangu alimwambia bwana harusi kwamba tai aliyovaa ilimpendeza zaidi baba yake. Mchungaji akirefusha mahubiri, alikuwa anakohoa mpaka aseme amina. Na mimi ndiye niliyekula sehemu kubwa ya ulimi ule. Rhoda, mgongo! Rhoda, kushona gani huku, umeshona kwa miguu? Sasa kawa mpole, anashukuru, anatabasamu, na wauguzi wananiambia, "Mama yako ni malaika." Nikitoka hapo nakaa kwenye pikapu yangu nalia. Mimi sikuzaliwa na malaika. Nilizaliwa na Hester Grindle, na nilikuwa namtaka aniite kwa jina langu, mara moja tu, kabla hajaondoka.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa tano, ukungu ukiwa chini na matope yakiwa bado hayajakauka, tulikwenda kwenye maonyesho ya Ellery. Ellery ni mji wa chini ya Kilima cha Dunning, nilikozaliwa. Ukumbini naingia, lakini kilimani sikuwa nimepanda tena tangu tuuze nyumba baada ya Baba kufa. Nyumba ilipita mikono miwili mitatu, na mimi sikutaka kuona nguo za mtu mwingine kwenye kamba ya Mama.

Siku hiyo Bev alinitangulia kwa sababu mimi nilikuwa natafuta pa kuegesha. Nilipoingia, akawa tayari anarudi kutoka upande wa choo, kakunja uso.

"Usijisumbue," akaniambia. "Leo hakuna mshindi. Kila mtu atajilisha maharage yake."

"Hakuna mpya?"

"Yupo, msichana wa kuja. Lakini we, Rhoda, ule uzi! Kama umefuliwa kwenye mtaro. Ameandika eti waridi. Waridi gani ile? Waridi la kwenye jeneza, tena jeneza limeshafukuliwa."

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," nikasema.

"Basi hicho kikitembezwa kitaishia baharini."

Mtu akiniambia usiende, mimi naenda. Hilo nimelirithi. Nikamwacha Bev akinunua kahawa, nikaenda.

Msichana alikuwa amekaa nyuma ya meza yake wima kama mtu anayesubiri daktari. Umri wake labda thelathini, nywele kazifunga kwa kipande cha uzi, kucha zina rangi ya njano kwenye kingo. Jina lake lilikuwa kwenye kitambaa cha meza: Corinne Vasek. Watu walikuwa wanatoka chooni, wanapunguza mwendo, wanatazama, halafu wanakumbuka kwamba wameitwa mahali.

Bev hakusema uongo, ila hakutazama vizuri. Palikuwa na kijani kama maji ya bwawa, na zambarau iliyofifia, na kahawia iliyokaribia kuwa nyeusi. Rangi zote zilikuwa na huzuni, kama zimepewa habari mbaya.

"Karibu, mama," akasema, kisha akaanza kujitetea kabla sijafungua mdomo. "Hiyo kijani ilikuwa iwe njano. Ni maganda ya vitunguu. Nimefuata maelekezo, naapa. Na hiyo zambarau ilikuwa waridi. Kila kitu kikiingia kwenye sufuria yangu kinanuna."

"Na wewe umekuja kuuza hasira zake?"

Akacheka kidogo, macho yakiwa mekundu. "Nilishalipia meza. Lakini leo ndiyo mwisho. Kama si mwisho wa kutia rangi, basi mwisho wa maji yale. Jumatatu fundi anakuja kufunga chujio."

Nilisikia neno maji, lakini halikuniingia, kwa sababu mkono wangu ulikuwa umekwisha fika pembeni ya meza. Palikuwa na fungu moja la uzi usiotiwa rangi, sufu nyeupe tu, limewekwa nyuma ya mengine kama mtoto aliyechafua nguo siku ya picha. Halikuwa jeupe. Lilikuwa na rangi ya chai iliyomwagika, hapa imekolea, pale imefifia, na michirizi ya kutu pale maji yalipodondokea wakati wa kuanika.

Nikalishika. Nikalinusa. Harufu ya sarafu iliyokaa kiganjani.

Ndugu zangu, nilirudi nyumbani nikiwa nimesimama pale pale. Niliziona shuka zetu. Niliziona fulana za Baba, na foronya, na blauzi yangu ya shule, vyote vikiwa na michirizi hiyo hiyo. Kisima chetu kilikuwa na chuma. Hata birika lilikuwa na koga la rangi ya machungwa ndani, na shuleni walituita Watoto wa Kutu. Mama alikichukia kisima kile kama watu wanavyomchukia mke mwenza. Sheria ya nyumba ilikuwa moja, na ilikuwa juu ya amri zote kumi: kitu cheupe kinasuuzwa kwa maji ya mvua, kwenye pipa la nyuma ya nyumba. Atakayesuuza cheupe kwa maji ya kisima, heri asizaliwe. Pipa lilikuwa mbali, kisima kilikuwa karibu, na mimi nilikuwa mtoto mvivu.

"Binti," nikasema, "unakaa wapi?"

"Juu huko, Kilima cha Dunning. Nyumba ya mwisho, yenye ghala lililoinama."

"Limeinama tangu kabla sijazaliwa. Mlango wa jikoni bado unakwama mvua ikinyesha?"

Akanikodolea macho. "Lazima uupige na nyonga."

"Nyonga ya kushoto."

"Ya kushoto," akasema polepole. "Kwani wewe ni nani?"

Nikaomba kiti. Hakuwa na kingine, akanipa chake, akachuchumaa mbele yangu katikati ya njia ya watu wanaokwenda chooni. Nikamwambia mimi ni nani. Naye akaniambia habari za nyumba kama mtu anavyomwambia mwenzake habari za ndugu aliye mbali: kwamba bomba la mkono la uani bado linalia kama bata, kwamba mtofaa wa upande wa barabara ulianguka lakini ule mwingine unazaa, kwamba kwenye fremu ya mlango wa jikoni kuna mistari ya kupima urefu wa watoto na hakuthubutu kuipaka rangi.

"Mistari ya juu ni ya kaka yangu," nikasema. "Mimi nimeishia kitasani."

Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka. Sikuona haya. Nilikuwa nimejizuia kupanda kilima kile miaka yote hiyo nikidhani hakuna tena kitu changu kule, kumbe mlango bado unataka nyonga ya kushoto.

"Sasa sikiliza," nikamwambia. "Si wewe uliyekosea, ni kisima. Kina chuma, na chuma kinazitia rangi zako huzuni. Nyuma ya nyumba kuna pipa?"

"Kuna moja lililopasuka. Nimepanda maua."

"Mungu wangu! Umepanda maua kwenye pipa la Hester Grindle! Weka jingine pale pale chini ya mfereji wa paa, na kila unachotaka kiwe cheupe au cha waridi, suuza kwa mvua. Kisima kiachie hizo zenye huzuni. Wapo wanaozitaka."

"Nani anazitaka?"

"Mimi. Nipe hiyo zambarau. Na hili jeupe."

Akaona aibu. "Hilo silo la kuuza, mama. Nimelileta kujazia meza tu. Limeharibika."

"Najua limeharibika," nikasema. "Ndiyo maana nalitaka."

Bev aliniona natoka na mafungu mawili yamekumbatiwa kifuani, akaangusha kijiko. "Rhoda! Umenunua? Umelogwa?"

"Shika ufunguo wa pikapu, uendeshe wewe. Tunakwenda kwa Mama."

"Na maharage?"

"Utanilisha kesho. Leo nimeshinda, utaona."

Nilisema hivyo kwa kelele, lakini njiani nilianza kuhesabu. Nilijionya. Nimempelekea nyuzi ngapi? Zote zilikuwa nzuri sana, asante, dada. Bev aliendesha bila kusema neno, jambo ambalo kwake ni sawa na kufunga mwezi mzima.

Mama alikuwa dirishani, kavalishwa sweta safi, nywele zimechanwa na mtu mwenye mikono ya upole. Akanitabasamia lile tabasamu la wageni.

"Karibu, dada. Umeleta chai?"

"Inakuja, Mama. Nimekuletea uzi kwanza."

Nikaanza na zambarau, kwa uoga tu. Akaipapasa. "Mzuri sana," akasema. "Umefanya vizuri. Asante." Akaiweka kando kwa adabu, mikono akairudisha mapajani.

Nikamtazama Bev. Bev akatazama sakafu. Nikatoa lile fungu jeupe, nikamwekea mikononi.

Alianza kusema mzuri. Neno likafika mdomoni, likasimama. Akaugeuza uzi. Akaufungua, akausogeza kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole gumba juu ya mchirizi wa kutu, akarudia tena. Halafu akaupeleka puani. Niliona mabega yake yakipanda. Niliona kidevu kikitoka mbele, kile kidevu ambacho kilimfanya hata mbwa wetu ajue siku imeharibika.

"Nani amesuuza hii?"

Sauti ilikuwa ile. Sikuwa nimeisikia muda mrefu mpaka nilidhani imekwisha zikwa.

 

"Nimeuliza nani amesuuza hii! Pipa limejaa pomoni, mvua imenyesha wiki nzima, na mtu anakwenda kusuuza sufu nyeupe kisimani! Kwa sababu gani? Kwa sababu hatua kumi zitamvunja miguu! Rhoda! Rhoda Grindle, njoo hapa!"

Muuguzi alikuja mlangoni mbio. Bev alimzuia kwa mkono.

Nikapiga magoti mbele ya kiti, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nikasema, "Ni mimi, Mama."

"Najua ni wewe," akasema, akinitazama usoni, mimi hasa. "Nani mwingine katika nyumba hii ni mvivu kiasi hiki?"

"Hakuna, Mama."

"Hakuna! Baba yako atavaa nini Jumapili? Atakwenda kanisani kama jiko kuukuu? Na usinililie. Machozi hayatoi kutu. Ungekuwa na akili nusu ya hayo machozi, ungekwenda kwenye pipa."

"Sitarudia, Mama."

"Utarudia. Nakujua." Akanyoosha mkono, nikadhani atanipiga kofi la shavu kama zamani. Akanitoa unywele ulionasa kwenye miwani, akaupeleka nyuma ya sikio langu kwa nguvu, mpaka nikaumia. "Na mgongo," akasema. "Mgongo, Rhoda."

Nikanyoosha mgongo.

Kisha akautazama uzi tena, akautazama kwa muda mrefu, na nikaona kidevu kinarudi taratibu mahali pake. Nje, kigari cha vikombe kililia kwenye korido. Alipoinua uso, tabasamu la wageni lilikuwa limerudi.

"Dada," akasema, "naona chai imefika."

Bev alinishika bega tukatoka. Kwenye gari akapiga honi mara moja bila sababu, halafu akafuta macho kwa tishu iliyokuwa na mafuta ya keki. "Sawa," akasema. "Umeshinda. Nitakulisha maharage mpaka ufe."

Jumatatu asubuhi nilipanda Kilima cha Dunning. Niliendesha polepole kama ninayekwenda kuchumbia. Kwenye kamba ya Mama zilikuwa zimeanikwa soksi za mtu mwingine na mafungu ya uzi wa mtu mwingine, na haikuniua. Pipa jipya lilikuwa limesimama chini ya mfereji. Mvua ya Jumapili ilikuwa imelijaza.

Fundi wa chujio alikuwa ndani. Nilikuwa nimekuja kumwomba Corinne amfukuze, nilikuwa nimepanga na maneno, lakini alinipokea mlangoni akaniwahi.

"Nimemwambia afunge ya jikoni tu, Bi Rhoda. Ninywe maji kama binadamu. Bomba la uani haligusi."

"Kwa nini?"

"Mwenzako alinipigia simu," akasema. "Yule mwenye mdomo. Akaniambia yote. Halafu akaniagiza mafungu matatu ya waridi la jeneza."

Bev huyo. Kumbe naye aliuona uzuri wa zile rangi, basi tu hakutaka kukiri.

Corinne alinipa fungu la sufu nyeupe, jeupe kweli, halijaguswa na kitu. Nikaenda nalo uani. Pipa lilikuwa kushoto kwangu, limejaa, maji yake safi hata nikaona uso wangu ndani, uso ambao siku hizi unafanana na wa Mama. Kisima kilikuwa kulia. Nikalishika bomba, likalia kama bata, maji yakatoka na baridi yake ile ile. Nikaichovya sufu. Niliisuuza vizuri, kila uzi, nikaikamua, nikaianika ili idondoke na kufanya michirizi.

Jumamosi nitampelekea. Nitamwekea mapajani, nitasimama mbele yake mgongo wangu umenyooka, nimngojee. Najua huenda isitokee tena. Inaweza kuwa ilikuwa mara ile tu. Namwomba Mungu, Mama asiniambie ni mzuri.